Sura ya Sita: Kompyuta Mpya, Barua za Zamani

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo, ila zilikoma kupokea marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa wenye mashine waliojiandikisha kuongezewa muda. Nyingi haziwezi kupanda kwenda Windows 11, kwa sababu mfumo huo unadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa prosesa za Intel, kizazi cha 8 na kuendelea, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kwa ofisi ndogo za uwanda wa juu wa Ufipa, ambako kompyuta hununuliwa ya mtumba na kutumika mpaka herufi za kibodi zifutike, maana yake ni kwamba mashine iliyo mezani leo itabadilishwa karibuni, iwe kwa mpango au kwa kulazimika.

Katika kuhama huko, kinachopotea kirahisi kuliko vyote ni barua pepe. Picha na hati mtu huziona kwenye folda zake, akazinakili, akaridhika. Barua pepe hazikai mahali anapopaona. Mfanyakazi hufungua programu asubuhi, barua zipo, anajibu, anafunga. Anaweza kufanya hivyo miaka kumi bila kujiuliza zimelala wapi. Fundi naye, akiletewa mashine ili apige Windows upya, huuliza kama kuna vitu vya muhimu humo. Mwenyewe hutaja Desktop na Documents, basi. Diski inafomatiwa, na mawasiliano ya miaka yote yanaondoka kwa dakika chache.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka mapema: kazi yenyewe ni kujua barua zinakaa wapi. Kunakili hufuata tu.

Programu ya barua pepe inaweza kuchukua barua kutoka kwenye seva kwa njia mbili. Ya kwanza ni POP, iliyoandikwa mara ya kwanza mwaka 1984, na toleo lake linalotumika mpaka leo, POP3, likaja mwaka 1988. Programu inaingia kwenye seva, inazibeba barua, inazishusha kwenye diski ya kompyuta yako na, isipoambiwa vinginevyo, inazifuta kule zilikotoka. Ya pili ni IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Hapo barua hubaki kwenye seva na kompyuta yako hushika nakala tu. Ukiisoma barua, ukiihamisha folda au ukiifuta, tendo hilo linafanyika kule kule kwenye seva. Mtu wa IMAP akipata kompyuta mpya huandika anwani na nywila, akasubiri, barua zikarudi. Mtu wa POP akifanya hivyo hivyo hukuta folda tupu, na moyo humpasuka.

Ufipa iliingia kwenye barua pepe kwa mlango wa POP, tena kwa sababu nzuri. Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam. Kwa miaka mingi mkoa wa Rukwa haukuwa kwenye Gridi ya Taifa, na umeme wake ulinunuliwa Zambia ukaja kupitia Mbala. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, na tawi lake la magharibi likapita Tunduma, Sumbawanga, Mpanda na Kigoma. Kabla ya hapo data ilitembea kwa simu ya waya au kwa dishi la satelaiti, na kila dakika hewani ilikuwa na bei yake. Nani angeiacha barua kwenye seva ya ng'ambo na kulipia kuisoma upya kila alipoihitaji? Uliunganisha, ukavuta barua, ukakata, ukasoma na kujibu kwa utulivu, kisha ukaunganisha tena ili kutuma. Waliofanya hivyo walitumia akili, na barua zao zikawa salama hata mtandao ulipopotea siku tatu.

Desturi hiyo ni ya zamani kuliko intaneti yenyewe hapa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutumia HealthNet, mtandao wa madaktari uliobebwa na satelaiti ndogo za shirika la Marekani liitwalo SatelLife. Satelaiti ilipita juu mara chache kwa siku, ikachukua barua zilizokuwa zikisubiri, ikashusha zilizokuja, ikaendelea na safari yake. Barua iliyoshushwa ilibaki kwenye mashine iliyoishusha. Hapakuwa na mahali pengine pa kuirudia.

Programu zilizofuata ziliendeleza mwendo huo bila kumwuliza mtu. Outlook Express, iliyokuja ndani ya Windows XP, ilikuwa ikifuta barua kwenye seva mara tu ilipozivuta, labda uiambie isifanye hivyo. Outlook ya Office, kwa akaunti ya POP, kwa kawaida huacha nakala kwenye seva kwa siku 14 kisha huiondoa. Ndiyo maana mtu anaweza kuingia kwenye akaunti yake kwa simu, akaona barua za wiki mbili, akaamini kwamba na nyingine zipo.

Na barua zenyewe si porojo. Mfanyabiashara wa mahindi wa Laela ana mazungumzo yake ya bei na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, au na wanunuzi wa Kalemie na Moba ambao mzigo wao hupita bandari ya Kasanga. Parokia ina barua za wafadhili wa Ulaya walioahidi kisima, pamoja na taarifa za matumizi zilizorudishwa kwao. Shule ya binafsi ina mikataba ya walimu. Vitu hivi ndivyo vinavyotafutwa siku ya ukaguzi, au siku mtu anapokana neno lake.

Kipimo cha kujua barua zako ziko wapi hakihitaji fundi. Chukua simu, weka kompyuta kando. Fungua kivinjari, ingia kwenye akaunti kwa anwani na nywila yako, kisha tafuta barua ya zamani unayoikumbuka vizuri: mkataba wa mwaka 2013, au oda ya mbolea ya 2016. Ikionekana, barua zako zipo kwenye seva na una nafasi ya kupumua. Usipoiona, nakala pekee iko ndani ya ile kompyuta kuukuu, na kuanzia dakika hiyo mashine hiyo isiguswe na mtu asiyejua hilo. Halafu angalia barua ulizotuma, maana hapa wengi hunaswa. POP huleta zilizopokelewa tu. Ulizozituma hubaki kwenye kompyuta uliyozitumia, na folda ulizojitengenezea hubaki huko pia. Gmail hujiwekea nakala ya kila barua inayotumwa kupitia seva yake, lakini seva nyingi za akaunti za ofisi, zile zinazokodiwa kwa mwaka pamoja na jina la co.tz, hazifanyi hivyo. Nusu ya mazungumzo inaweza kuwa salama huku nusu nyingine, ile yenye ahadi zako mwenyewe, ikiwa kwenye diski inayokaribia kufa.

Mwenye Thunderbird ana kazi nyepesi, na ndiyo sababu naipendelea programu hii kwa ofisi zetu. Inatolewa bure tangu 2004, na kila kitu chake kinakaa ndani ya folda moja. Funga programu kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\Thunderbird, na folda hiyo itafunguka mbele yako. Humo mna barua, orodha ya anwani, vichujio, saini na mipangilio ya akaunti zote. Nywila zimo katika mafaili mawili, logins.json na key4.db, ambayo lazima yasafiri pamoja kwa kuwa moja limefungwa na jingine ni ufunguo wake. Inakili folda yote kama ilivyo, bila kuchagua. Kwenye kompyuta mpya weka Thunderbird, ifungue mara moja, ifunge, kisha weka folda yako mahali pale pale badala ya ile mpya iliyojitengeneza. Toleo la kwenye mashine mpya liwe sawa na la zamani au jipya zaidi, kwa sababu programu hukataa kufungua folda iliyokwisha kutumiwa na toleo jipya kuliko lenyewe. Kwa kawaida kila folda ya barua humo ni faili moja la maandishi katika mpangilio uitwao mbox, wa tangu enzi za Unix. Hata Thunderbird ikitoweka kesho, barua hizo zitasomeka kwa Notepad. Sijui dhamana bora kuliko hiyo.

Outlook inataka uangalifu zaidi. Barua za POP hukaa kwenye faili la PST, na katika matoleo ya tangu 2010 faili hilo kwa kawaida liko ndani ya Documents, kwenye folda iitwayo Outlook Files. Katika matoleo ya nyuma lilifichwa ndani ya AppData. Usibahatishe: ndani ya Outlook yenyewe fungua Account Settings, kisha Data Files, nayo itakuonyesha kila faili na njia yake. Ukikuta faili la OST, hilo ni kivuli cha kilichopo kwenye seva. Halihamishwi, hujengwa upya. PST ndiyo ya kubeba. Ila PST hubeba barua, anwani na kalenda tu. Nywila na mipangilio ya akaunti havimo, na saini zako ziko kwenye folda nyingine iitwayo Signatures. PST za zamani, za Outlook ya 2002 kurudi nyuma, zilikuwa na kikomo cha gigabaiti 2, na zikikikaribia zilianza kuharibika; kwa hizo kuna programu ndogo ya ukarabati, scanpst, inayokuja na Outlook yenyewe. Itumie juu ya nakala. Faili la asili liache lilivyo.

Kompyuta nyingi mpya siku hizi huja na Outlook mpya ya bure, iliyochukua nafasi ya programu ya Mail ambayo Microsoft iliacha kuihudumia 31 Desemba 2024. Isichanganywe na ile ya Office. Ukiiunganisha na akaunti isiyo ya Microsoft huomba kunakili barua zako kwenye seva za Microsoft, na uwezo wake wa kutumia PST haujafikia ule wa Outlook ya zamani. Ofisi yenye barua za wagonjwa, wanafunzi au wateja ifikirie vizuri kabla ya kubonyeza ndiyo.

Sasa safari yenyewe. Watu huniuliza kama si afadhali kupandisha barua zote mtandaoni na kuzishusha kwenye mashine mpya. Tupige hesabu. PST ya gigabaiti 6, kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde, inahitaji takribani saa 6 na dakika 40, ikiwa mtandao hautayumba hata mara moja. Flashi ya kawaida inayoandika megabaiti 20 kwa sekunde inamaliza kwa dakika 5. Kwa aliye Mtowisa, kule bondeni chini ya safu ya Lyambalyamfipa, tofauti hiyo ni bando zima la mwezi. Beba kwa flashi, au kwa diski ya nje ukiwa nayo.

Lakini flashi nyingi hutoka dukani zikiwa katika mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja linalozidi gigabaiti 4. Ukijaribu kuweka ile PST ya gigabaiti 6 kwenye flashi tupu ya gigabaiti 32, kompyuta inagoma, na watu hudhani flashi ni mbovu au ya bandia. Ifomati kwa exFAT, tatizo linakwisha. Hakikisha tu hakuna kitu chako ndani kabla ya kufanya hivyo.

Umeme nao uhesabiwe. Faili la PST likikatwa katikati ya kuandikwa linaweza kukataa kufunguka. Fanya kazi hii kwa laptopu iliyojaa chaji, au kwa UPS iliyo nzima, wala si siku ya mvua za radi za Januari. Baada ya kunakili, linganisha ukubwa wa faili la asili na wa nakala baiti kwa baiti, kisha fungua nakala kwenye mashine mpya na usome barua tatu nne za miaka tofauti, zenye viambatisho. Kiambatisho kikifunguka, una haki ya kufurahi.

Kuhusu mipangilio, nashauri usiinakili kwa upofu. Mashine nyingi za zamani bado zinatumia poti 110 kwa POP, 143 kwa IMAP na 25 kwa kutuma, mara nyingi bila usimbaji, hivyo nywila hupita wazi njiani. Kuhama ndiyo nafasi ya kuacha hayo: 993 kwa IMAP, 995 kwa POP, 465 au 587 kwa kutuma, zote zikiwa na usimbaji. Na kama seva yako ina nafasi ya kutosha, hamia IMAP siku hiyo hiyo. Barua za zamani zifungue kutoka kwenye PST ziliko, uzipandishe polepole usiku, folda moja moja, ukianza na zile ambazo zikipotea utashindwa kulala.

Kosa moja nimeliona likirudiwa ofisi baada ya ofisi. Kompyuta mpya inawashwa, ya zamani inaachwa kwa katibu muhtasi “kwa wiki moja tu”, zote mbili zikiwa kwenye POP. Kila moja inavuta barua inazozikuta na kuzifuta kwenye seva. Mwisho wa wiki barua zimegawanyika, hizi huku, zile kule, na hakuna anayejua ipi ilijibiwa. Siku unayohamia, zima uvutaji wa barua kwenye ile ya zamani.

Mwenye Gmail ana jambo la ziada. Tangu 30 Mei 2022 Google haikubali tena programu za zamani kuingia kwa nywila ya kawaida peke yake. Outlook ya 2010 itakwambia nywila si sahihi hata ukiiandika kwa usahihi kabisa. Unahitaji uthibitisho wa hatua mbili na nywila maalumu ya programu yenye herufi 16. Na uthibitisho huo huenda kwenye namba ya simu. Hapa ndipo tunapokwama sana. Mwaka 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilifungwa, na watu wengi walipoteza namba walizofungulia akaunti zao miaka ya nyuma. Katika ofisi ni vibaya zaidi: namba ni ya mhasibu aliyehamia Mpanda, au ya padre aliyehamishwa parokia. Kompyuta ya zamani bado inaingia kwa sababu inatambulika, ile mpya inadai msimbo uliotumwa kwa mtu asiyekuwepo. Badilisha namba ya urejeshaji ukiwa bado kwenye mashine ya zamani. Fanya hilo kabla ya kufungua hata boksi la kompyuta mpya.

Ofisi za umma zina nafuu yao. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanza kama wakala mwaka 2012, inaendesha Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, na barua za anwani zinazoishia go.tz hukaa kwenye seva za Serikali. Mtumishi wa manispaa au wa ofisi ya mkoa akibadilishiwa kompyuta, barua zinamfuata. Zinazohitaji kuokolewa ni zile za kabla, ambapo kazi ya umma ilifanywa kwa akaunti binafsi za Yahoo na Gmail. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inazilinda kumbukumbu za umma, na masijala ambayo isingekubali jalada litoke bila kusainiwa haina sababu ya kukubali barua za miaka minane zistaafu pamoja na mtumishi.

Wapo wanaosema hawana haja ya haya yote kwa kuwa wamezichapisha barua muhimu na kuziweka kwenye faili. Karatasi hubeba maneno, lakini huacha nyuma vichwa vya barua: mistari inayoonyesha barua ilipita seva zipi na saa ngapi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, na inaitaka mahakama itazame namna ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na mtumaji alivyotambuliwa. Barua iliyo hai ndani ya PST au mbox inayajibu maswali hayo. Karatasi iliyochapishwa steshenari haiwezi.

Imebaki mashine ya zamani. Iache kabatini walau miezi mitatu bila kufutwa, kwa sababu barua unayoihitaji hujulikana siku unayoitafuta. Kisha, kabla ya kuiuza au kumpa mwanafunzi, futa diski yake yote. Folda ya Thunderbird isiyowekewa nywila kuu hufungua nywila zako zote kwa yeyote atakayeiwasha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakubebesha wajibu kwa taarifa za watu wengine ulizonazo, na diski iliyouzwa ikiwa na barua za wateja ni taarifa zao ulizoziachia njiani.

Ndugu msomaji, kama mashine yako imepangiwa kwenda kwa fundi wiki hii, mwombe kwanza akuonyeshe kwa kidole barua zako zimekaa kwenye folda gani. Asipoweza, rudi nayo nyumbani.